Fedha haiondoi kila kitu kwenye maji ya Meru

Bangili ya fedha ikikaa muda mrefu bila kusuguliwa huwa nyeusi. Sonara wa Arusha huirudishia mng'ao kwa dakika chache, maana weusi ule ni utando mwembamba tu: salfa ya hewani imeungana na fedha. Oksijeni peke yake haiisumbui sana fedha, lakini salfa huing'ang'ania.

Kwa tabia hiyohiyo fedha huua bakteria. Ikilowa, hutoa ayoni chache ambazo hunasa kwenye protini za kijidudu, hasa palipo na salfa. Vimeng'enya hukwama, utando wa seli huharibika, na kijidudu hakizaliani tena. Ikigawanywa kuwa chembe za nano, gramu ileile hugusana na maji kwa eneo kubwa zaidi, kwa hiyo madini haya ya thamani hutumika kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 0.1 za fedha kwa lita ya maji ya kunywa.

Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano zilizotokana na silikati ya sodiamu pamoja na fedha. Mwaka 2015 lilimpa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Uingereza. Ninachokithamini zaidi ni kwamba hulirekebisha kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika.

Hilo ni muhimu sana hapa kwetu. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake huachia floraidi kwenye chemchemi na visima. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia, na kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hupinda. Fedha haina msaada hapo. Ikikutana na floraidi majini haigandi nayo, kila moja hubaki imeyeyuka. Kuchemsha nako hakuiondoi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi vizuri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiuziwa chujio lenye fedha, muulize muuzaji: floraidi inaondolewa na nini? Asipokuwa na jibu, kapime maji yako kwanza.