Difu ya Hilux ya zamani: pima kwanza ndipo utume hela

Swali linalonijia sana dukani msimu wa mavuno ni hili: difu ya nyuma ya Hilux yangu ya zamani imekufa, nyingine inayoingia naipata wapi? Mwenye swali huwa na haraka. Mpunga wa Mpimbwe unamsubiri, gari liko juu ya mawe, na kila siku hela inapotea. Hapo anapiga simu Dar, anasema "nataka difu ya Hilux", anatuma pesa, mzigo unapanda gari mpaka Mpanda, ukifika hauingii.

Tatizo ni kwamba "difu ya Hilux" siyo kitu kimoja. Kuna Hilux ya chini na kuna 4WD, kuna miaka tofauti, na hata mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na meno tofauti ndani.

Kabla ya yote muulize fundi: kilichokufa ni nini hasa? Maana wengi wetu tukisema difu tunamaanisha ekseli nzima. Kwenye hizi Hilux kichwa cha difu, yaani krauni na pinyoni pamoja na kinachozishika, kinatoka peke yake kwa mbele ukishachomoa hafushafti na kufungua propela. Kama bomba la ekseli halijapinda wala kupasuka, tafuta kichwa tu. Nauli inapungua, na breki, springi na rimu zinabaki zako zilezile. Hakikisha meno ya ncha ya hafushafti yako yanaingia kwenye kichwa hicho. Yahesabu, usikadirie.

Sasa uwiano, na hapa ndipo watu wanaliwa. Krauni yenye meno 41 na pinyoni yenye 10 inakupa 4.1. Krauni 43 kwa pinyoni 10 ni 4.3. Krauni 39 kwa pinyoni 8 ni 4.875. Gari la kuvuta nyuma tu ukilitoa 4.1 ukaliweka 4.875 litatembea: litavuta vizuri mlimani, ila injini itazunguka zaidi kwa karibu asilimia 19 kwa mwendo uleule, mafuta yataenda, na spidomita itakudanganya. Lakini kwa 4WD usithubutu. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Zikipishana, siku umenasa kwenye tope ukaingiza 4WD, propela mbili zinagombana na kinachovunjika ni gia boksi ya kati. Hiyo ni ghali kuliko difu uliyonunua.

Namna ya kujua bila kufungua: angalia kibati cha Toyota kwenye chumba cha injini, sehemu iliyoandikwa TRANS/AXLE. Ile namba ya pili ndiyo ya ekseli. Ipige picha, mtumie muuzaji. Kibati kikiwa kimefutika, au unahisi gari lilishabadilishwa difu (magari yetu haya yamepitia mikono mingi), na difu bado inazunguka, nyanyua nyuma yote, weka gia huru, kaba mbele. Mwenzako ashike tairi moja lisizunguke. Wewe zungusha la pili mizunguko miwili kamili huku mtu wa tatu anahesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo ni 4.1, ikikaribia mara tano ni 4.875. Kati ya 4.1 na 4.3 jicho linadanganya, kwa hiyo zungusha mizunguko 20 halafu gawanya kwa kumi. Na kama difu imeshasagika kabisa, mwambie fundi afungue ahesabu meno.

Ikibidi ununue ekseli nzima, chukua futi ya chuma. Pima upana kutoka uso wa drami mpaka uso wa drami. Pima katikati ya kiti cha springi mpaka kingine, na angalia kama springi inakaa juu au chini ya ekseli. Angalia flenji ya propela, matundu mangapi na umbali wake. Halafu nati za tairi. Za sita ni rahisi: katikati ya bolti moja mpaka ile inayotazamana nayo, Hilux 4WD ni milimita 139.7. Za tano hazitazamani, kwa hiyo pima bolti mbili jirani, ukipata 67 na ushee ujue ni 114.3. Usisahau kebo ya handibreki.

Vijana wa Altezza mnaoulizia ekseli, gari lenu halina ekseli ya bomba nyuma. Difu imefungwa kwenye bodi na kila tairi lina shafti yake, kwa hiyo kwenu ni uwiano, flenji na meno ya shafti.

Kwa muuzaji wa mbali, omba picha futi ikiwa imewekwa juu ya kitu chenyewe, na video akizungusha pinyoni. Afungue nati ya oili: ukiona vipande vya chuma, achana nayo. Mkubaliane kwa maandishi, hata WhatsApp, kwamba isipoingia inarudi na nauli analipa nani. Dai risiti. Ikifika, kabla ya kumwaga oili mpya ya GL-5, zibua kile kipumulio cha juu ya ekseli. Kikiziba na vumbi la huku, oili inasukumwa nje kupitia sili na kuloanisha viatu vya breki.