Mamba wa Bahari Mwenye Jina la Kongo

1. Mawe ya Goma

Watoto, mji wetu wa Goma umejengwa juu ya mawe meusi. Kuta za viwanja ni mawe meusi, njia ni mawe meusi, na viatu vyetu havidumu kwa sababu ya mawe hayo. Yalitoka wapi? Yalitoka tumboni mwa mlima Nyiragongo. Mlima huo ulitapika moto mwaka 1977, tena mwaka 2002, tena mwaka 2021. Mwaka 2002 mto wa moto ulipita katikati ya mji, ukafika hata ziwani. Ulipopoa, ukawa jiwe.

Mkilipasua jiwe la namna hiyo, hamtaona ndani yake mfupa wa samaki wala ganda la konokono. Moto unaounguza miti na nyumba huunguza na mifupa.

Lakini duniani kuna mawe ya namna nyingine. Hayo hayakutoka katika moto. Yalikuwa matope na mchanga chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa. Mawe hayo ndiyo yanayotunza habari za wanyama wa kale. Leo tutasoma habari ya mnyama mmoja aliyetunzwa hivyo. Alikuwa mamba, lakini si mamba wa mto. Alikaa baharini, na jina lake lina neno Kongo ndani yake.

2. Jinsi mfupa unavyogeuka jiwe

Mnyama wa majini akifa, huzama chini. Nyama yake huoza au huliwa na samaki, mifupa ikabaki. Mara nyingi mifupa nayo huharibika, na habari yake ikaisha. Lakini pengine matope huifunika upesi. Matope mengine huja juu yake, na mengine tena, mwaka hata mwaka, yakawa mazito sana. Maji hupenya polepole katika matundu madogo ya mfupa. Maji hayo yamebeba chembe za madini, nazo hubaki ndani ya mfupa na kuujaza. Mwishowe mfupa unakuwa mgumu na mzito kama jiwe, lakini umbo lake ni lile lile. Wataalamu huuita fosili.

Baadaye bahari hurudi nyuma, au nchi huinuka. Mvua na mawimbi hula udongo, na fosili huonekana tena mahali penye jua.

3. Tuhesabu miaka kwa hatua

Hata katika Kivu yetu ya Kaskazini wataalamu wamechimba. Mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward panaitwa Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba hapo tabaka kwa tabaka. Aliona mifupa ya samaki, na vyusa vya mifupa ambavyo watu wa kale walivulia samaki. Aliona pia mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizokatwa kwa mpango, kama mtu anayehesabu. Umri wake ni miaka 20,000 hivi.

Miaka 20,000 ni mingi. Lakini yule mamba wetu ni wa kale kuliko hayo mara nyingi. Tufanye hesabu. Simameni mlangoni pa shule. Kila hatua moja iwe miaka 1,000. Mkienda hatua 20, hamjatoka uwanjani, nanyi mmekwisha fika wakati wa watu wa Ishango. Lakini mkitaka kumfikia yule mamba, mtakwenda hatua 60,000. Kila hatua ikiwa nusu meta, hiyo ni safari ya kilometa 30. Mtatoka Goma asubuhi, mtafika Sake, na hata hapo hamjamaliza mwendo!

4. Mifupa ya Landana

Sasa tuvuke nchi yote ya Kongo, kutoka mashariki mpaka magharibi, tufike mahali mto Kongo unapoingia baharini. Kaskazini ya mdomo wa mto, katika nchi ya Kabinda, pana mahali panapoitwa Landana. Leo ni sehemu ya Angola. Zamani zile palitawaliwa na Wareno, pakaitwa Kongo ya Wareno. Pwani pana majabali yanayopigwa na mawimbi, na ndani ya majabali mna fosili.

Mwaka 1913 Mbelgiji jina lake Joseph Bequaert alipita Landana. Kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza wadudu na mimea. Lakini mtu mwenye macho ya kuchungua haachi kutazama na vingine. Alikusanya mifupa iliyogeuka mawe, ikapelekwa Ubelgiji.

Kule Brussels alikuwako bingwa wa mifupa ya kale, Louis Dollo. Yeye ndiye aliyechunguza dinosauri wa Bernissart, waliopatikana mwaka 1878 ndani ya shimo la makaa ya mawe. Dollo akaitazama mifupa ya Landana, akaona ni ya mamba mwenye mdomo mrefu, mamba asiyejulikana bado. Mwaka 1914 akampa jina: Congosaurus bequaerti. Maana yake ni mjusi wa Kongo wa Bequaert. Mifupa yake imewekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels.

5. Twajuaje kwamba alikaa baharini?

Mtoto mwerevu atauliza: «Hakuna mtu aliyemwona akiogelea. Basi, twajuaje?» Swali hilo ni jema. Wataalamu hufanya kama mzee anayeamua shauri: huita mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni majirani zake. Katika mawe ya Landana yamo meno ya papa, mabaki ya taa na makombe ya bahari. Wanyama hao ni wenyeji wa maji ya chumvi. Lakini shahidi mmoja hatoshi. Mamba wa mto akifa, maji yaweza kuuchukua mzoga wake mpaka baharini.

Shahidi wa pili ni mwili wake. Mdomo wake ulikuwa mrefu na mwembamba, wenye meno marefu yaliyochongoka. Mdomo wa namna hiyo hupita upesi majini na kukamata samaki. Tena mifupa ya mkia wa jamaa zake ina miiba iliyosimama juu sana. Mkia wao ulikuwa mpana ubavuni, wenye nguvu, kama kasia la mvuvi wa Ziwa Kivu. Walikuwa waogeleaji hodari.

Shahidi wa tatu ni ndugu zake. Mabaki ya jamii yake, inayoitwa dirosauri, yamepatikana katika tabaka za bahari huko Tunisia, Moroko, Niger na Mali. Mtasema: «Mali ni nchi kavu, mbali na bahari!» Ndiyo, leo. Siku zile bahari iliingia mpaka mahali palipo jangwa sasa. Lakini wataalamu hawasemi upesi kwamba dirosauri wote walikaa baharini, maana Kolombia, katika Amerika ya Kusini, wamepatikana wengine waliokaa mitoni. Kwa hiyo kila mnyama huchunguzwa peke yake, na mashahidi wote husikilizwa pamoja.

6. Waliokufa na waliobaki

Kabla ya mamba huyo, bahari hiyo hiyo ilikuwa na watawala wengine. Kusini ya Angola, mahali panapoitwa Bentiaba, wataalamu wamechimba mifupa ya mosasauri. Hao walikuwa mijusi wakubwa sana wa baharini, wenye miguu iliyogeuka mapezi. Waliishi hapo miaka milioni 72 hivi iliyopita. Mmoja wa aina zao, aliyeandikwa mwaka 2008, amepewa jina la Kianda, ambaye katika hadithi za Angola ni mwenye kutawala maji. Mosasauri mmoja wa Bentiaba ana tumboni mwake mabaki ya mosasauri wengine watatu. Basi ndivyo walivyokula!

Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa mno lilianguka kutoka mbinguni, mahali palipo Meksiko leo. Dunia yote iliharibika. Mosasauri wakaisha wote. Dinosauri nao wakaisha, ila wale wenye mabawa, ambao watoto wao ni ndege wa leo. Lakini jamii ya dirosauri ilipona. Mamba wa Landana aliogelea katika bahari iliyokwisha kuachwa na watawala wake wa kwanza.

7. Kosa lililosahihishwa

Dollo alikuwa bingwa, lakini na bingwa hukosa. Alidhani mamba wa Landana ni wa jamii ya teleosauri, mamba wa bahari walioishi Ulaya zamani zaidi tena. Baadaye wataalamu walimlinganisha na mamba wa Afrika ya Kaskazini, wakaona ni dirosauri. Kisha wengine wakasema: «Huyu si mnyama wa peke yake. Ni aina ya Hyposaurus tu, anayejulikana tangu zamani. Jina Congosaurus lifutwe.»

Je, jina la Kongo lingefutwa katika kitabu cha wanyama wa kale? Hakuna aliyegombana wala kupiga kelele. Walirudi kwenye mifupa yenyewe. Stéphane Jouve na Daniela Schwarz waliitazama tena, wakaipima na kuilinganisha. Mwaka 2004 wakaandika kwamba mnyama wa Landana ana alama zake mwenyewe. Jina Congosaurus likabaki.

Mwaona jambo hili? Shauri liliweza kuamuliwa tena, baada ya miaka 90, kwa sababu mifupa ilikuwa imetunzwa, na mahali ilipotoka palikuwa pameandikwa. Kama Bequaert angeiacha pale, pengine mawimbi yangeimeza. Kama angeichukua bila kuandika mahali, ingekuwa kama barua isiyo na jina la aliyeituma. Nani angejua ni ya bahari gani, au ya wakati gani?

8. Nasi tufanye nini?

Ninyi nanyi mtatembea. Wengine watakwenda shambani, wengine mtoni kuchota mchanga, wengine watachimba msingi wa nyumba mbali na mawe ya Nyiragongo. Mkiona mfupa mzito kama jiwe, au kombe ndani ya jiwe, msiupasue kwa nyundo ili kuona mna nini ndani. Msiuchukue nyumbani kuuchezea. Uacheni pale pale. Wekeni alama, andikeni mahali katika daftari, kisha mwambieni mwalimu.

Mchimbaji wa kweli hutumia brashi na patasi ndogo. Huchora ramani kwanza, hupiga picha, huufunga mfupa dhaifu kwa kitambaa na plasta, ndipo huuinua. Kazi ya siku moja yaweza kuwa upana wa meza tu. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mfupa uliokaa kimya miaka milioni 60 waweza kungoja siku moja zaidi, mpaka aje mtu ajuaye kuusikiliza.

Maswali

1. Kwa nini hatupati mifupa ya kale katika mawe meusi ya Goma?
2. Tajeni mashahidi watatu wanaoonyesha kwamba Congosaurus alikaa baharini.
3. Kwa nini shahidi mmoja hatoshi?
4. Dollo alikosa wapi? Kosa lake lilisahihishwaje?
5. Rafiki yako ameona mfupa wa jiwe mtoni, naye ataka kuuvunja. Utamwambia nini?