Safari ya Kidonge cha Chuma Mwilini

Mjamzito anayehudhuria kliniki Unguja, akiwa anaishi Mji Mkongwe au Makunduchi, hupewa vidonge vya kuongeza damu. Kidonge kimoja kwa kawaida huwa na takriban miligramu 60 za madini ya chuma, pamoja na asidi ya foliki. Akikimeza kwa chai ya asubuhi, sehemu kubwa ya chuma hicho huishia chooni. Sababu yake imo katika namna mwili unavyoyapokea madini haya.

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwilini mwake, na nyingi zimo ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwili hauna kiungo cha kuitoa ziada, kama figo zinavyotoa chumvi. Kila siku hupotea miligramu 1 hadi 2, pamoja na seli za ngozi na utumbo zinazochakaa. Kwa hiyo udhibiti wote hufanyika mlangoni, katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba.

Asidi ya tumbo huyeyusha chuma, kisha seli za utumbo hukivuta ndani. Vitamini C ya ndimu, chungwa au embe husaidia kazi hiyo. Tanini za chai hukishika chuma kabla hakijavutwa. Udongo ambao baadhi ya wajawazito hula huweza kukishika vilevile. Utafiti uliofanyika Zanzibar umeonesha kuwa ulaji wa udongo huambatana na upungufu wa damu kwa wajawazito.

Chuma kilichoingia katika seli ya utumbo bado hakijafika katika damu. Hutoka kupitia tundu la protini iitwayo ferroportini, kisha hubebwa na protini nyingine, transferini. Sehemu kubwa hupelekwa kwenye uboho wa mifupa, zinakotengenezwa chembe nyekundu. Kinachobaki huwekwa akiba katika ini.

Ufunguo wa mlango huo ni homoni ya ini iitwayo hepsidini. Akiba ikijaa, homoni hiyo huongezeka na mlango hufungwa. Hata kidonge kimoja huipandisha kwa takriban siku nzima. Ndiyo maana kumeza viwili ili kufidia cha jana hakuleti faida maradufu. Hepsidini hupanda pia mtu anapougua malaria au maambukizi mengine, kwa kuwa vimelea navyo huhitaji chuma.

Uzito wa jambo hilo ulidhihirika Pemba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, zaidi ya watoto 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa katika makundi, mengine yakipewa chuma na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza. Malaria ilikuwa imeenea sana kisiwani. Utoaji wa chuma ulisitishwa mwezi Agosti 2003, kwa kuwa watoto waliopewa walilazwa hospitalini au kufariki kwa kiwango kilichozidi wenzao kwa asilimia 12. Hata hivyo, miongoni mwa watoto waliopimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limesisitiza kuwa, penye malaria, chuma kwa watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya ugonjwa huo.

Mhudumu wa afya anapomwona mgonjwa ambaye damu yake haipandi, asiongeze dozi kwa haraka. Amuulize anameza kidonge kwa kinywaji gani na kama anakula udongo. Ampime malaria na minyoo ya safura, inayonyonya damu utumboni.

Mgonjwa naye ameze kidonge kwa maji au maji ya chungwa, na chai aiweke mbali kwa saa moja au mbili. Kinyesi cheusi kisimtishe: ni chuma kisichofyonzwa. La hatari ni mtoto mdogo kumeza vidonge vingi kwa pamoja. Hapo mlango huzidiwa, utumbo huunguzwa na ini huharibika. Mtoto huyo akimbizwe hospitali mara moja, hata akionekana mzima, na vidonge viwekwe mahali asipofikia.