Kiwanja, Chuma na Majina: Kumbukumbu za Ndege za Vita Zihifadhiwe Vipi?

Tarehe 11 Julai 1915, ndege moja ya Farman ilikuwa ikizunguka juu ya mikoko ya delta ya Rufiji. Chini yake ilikuwa manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha mtoni tangu mwaka uliotangulia. Rubani, John Cull, aliishikilia ndege mahali pake, na mwenzake, Arnold, akituma ishara za redio kwa meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ambazo zilipiga mizinga bila kuiona shabaha. Injini ya ndege ikapigwa. Hata wakati ndege inashuka bila nguvu, Arnold hakuacha kutuma masahihisho, na makombora yakasogea hadi katikati ya Königsberg. Wakatua mtoni na kuokolewa na boti ya Mersey. Siku hiyo hiyo Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe.

Ndege ile ilitokea Mafia, kwenye kiwanja kilichotayarishwa mwaka huo huo baada ya Waingereza kukiteka kisiwa mwezi Januari. Anayetaka kugusa kitu cha kisa hiki leo ataelekezwa Fort Jesus, Mombasa, kwenye mzinga mmoja wa Königsberg. Mzinga umedumu kwa sababu ni chuma kizito na watu hupenda kupiga picha kando yake. Kiwanja na watu waliokifyeka havina umaarufu huo.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa fani ya kuhifadhi kumbukumbu. Kumbukumbu za vita vya angani zina sehemu tatu: ardhi ndege ziliporukia, mashine zenyewe, na majina ya watu. Fedha na sifa huiendea mashine, ilhali kinachotoweka kwanza ni ardhi na majina.

ARDHI

Viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki havikuwa na lami wala zege. Maktau na Mbuyuni, kwenye reli ya kijeshi iliyotoka Voi kuelekea Taveta, palifyekwa vichaka, pakang'olewa visiki, pakasimamishwa mahema na vibanda. Mwanzoni mwa 1916, kikosi namba 26 cha jeshi la anga la Uingereza, chenye Waafrika Kusini wengi, kilianza kazi Mbuyuni kikiwa na ndege za BE2c. Vita vilipohamia kusini kikosi nacho kilihama, na nyika ikarudi.

Kiwanja cha udongo hakiachi magofu, lakini huacha dalili. Wataalamu huanza na karatasi: shajara za vikosi, ramani za kijeshi na picha zilizopigwa kutoka angani. Kisha huenda uwanjani kutafuta mstari ulionyooka kupita kawaida, mapipa, misumari, vipande vya bati na chupa. Kila kitu huandikwa mahali kilipokutwa kabla ya kuguswa, maana msumari uliookotwa bila kuandikwa ulikuwa wapi hauna tena cha kusimulia.

Uingereza ya Vita vya Pili ilikuwa na hali tofauti, kwani huko zege lilimwagwa kwa wingi usio na mfano. Uwanja wa kawaida wa ndege za mabomu ulikuwa na njia tatu za kurukia zilizokatana kama pembetatu: moja ya mita 1,830 hivi na mbili za mita 1,280 hivi. Sababu yake ni upepo. Ndege nzito ya wakati ule ilipaswa kuruka ikiuelekea upepo, hivyo njia tatu zilimpa rubani nafasi ya kuchagua. Pembeni ilipita barabara ya mzunguko yenye maegesho yaliyotawanywa, ili bomu moja la adui lisiteketeze ndege nyingi.

Vita vilipoisha, mamia ya viwanja hivyo havikuwa na kazi. Vingine vilivunjwa na zege lake likasagwa kujengea barabara. Huko Norfolk palijengwa mabanda ya bata mzinga juu ya njia za kurukia. Silverstone, panapofanyika mashindano ya magari ya Formula 1, palikuwa uwanja wa ndege za mabomu. Duxford, karibu na Cambridge, ulinusurika kwa tundu la sindano: mwaka 1968 moja ya mabanda yake ya kihistoria lililipuliwa makusudi kwa ajili ya kutengeneza filamu ya vita. Leo mahali hapo ni tawi la makumbusho ya vita ya taifa, na ndege za kale huruka pale kila mwaka.

Somo la viwanja hivyo ni kwamba kilichobaki ni kile kilichopata kazi mpya. East Kirkby, Lincolnshire, ulibaki kwa sababu ndugu wawili wa ukoo wa Panton, wafugaji wa kuku, walinunua sehemu ya uwanja huo na kuifanya kumbukumbu ya kaka yao Christopher, aliyeuawa katika shambulio la Nuremberg usiku wa kuamkia 31 Machi 1944. Walikarabati mnara wa kuongozea ndege, wakaleta ndege ya Lancaster ambayo hadi leo huwashwa injini zake nne na kutembezwa ardhini ikiwa na wageni ndani. Viingilio vya wageni ndivyo vinavyolipa gharama.

Huku kwetu Afrika Mashariki viwanja vikubwa vilipata kazi, na kazi hiyo hiyo ikawa hatari kwao. Eastleigh, kituo cha jeshi la anga la Uingereza jijini Nairobi, sasa ni kambi ya jeshi la anga la Kenya. Port Reitz, Mombasa, umekuwa uwanja wa kimataifa wa Moi. Uwanja unaotumika hauoti nyasi, lakini hujifuta wenyewe: njia ya kurukia hurefushwa, banda hubomolewa, mnara wa zamani hupisha mpya. Si busara kuuzuia uwanja wa abiria usikue. Kinachowezekana ni kupima na kupiga picha kabla ya tingatinga kufika, na kuweka kibao pale palipokuwa na kitu.

CHUMA

Ndege za vita nyingi za miaka ya 1940 ni alumini, na adui wa alumini ni chumvi. Ndege iliyozama baharini inaweza kuonekana nzima kwa miaka sabini, kisha ikaanza kumeguka miezi michache baada ya kutolewa majini. Ni kama samaki aliyetolewa kwenye barafu: uozo uliokuwa umezuiwa unaanza. Chumvi iliyojificha kwenye maungio na chini ya ribiti hukutana na hewa, na metali huliwa kwa kasi.

Mwezi Juni 2013 Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza yaliitoa baharini, karibu na pwani ya Kent, ndege ya Kijerumani ya Dornier Do 17 iliyoangushwa Agosti 1940. Ilipelekwa kwenye tawi la makumbusho hayo huko Cosford na kuwekwa ndani ya mahema marefu yenye mabomba, ikanyunyiziwa maji yenye asidi ya sitriki, ile ile ya ndimu, iliyopunguzwa makali. Kazi yake ilikuwa kuondoa magamba ya bahari na kuitoa chumvi polepole bila kuila alumini. Kuinyanyua kulichukua wiki, na kuitibu kulichukua miaka. Asiye na fedha za miaka hiyo afadhali aiache ndege baharini.

Maji baridi ni rafiki zaidi. Ndege ya Wellington iliyotua kwenye ziwa Loch Ness, Scotland, mkesha wa mwaka mpya wa 1941 ilitolewa mwaka 1985, na sasa iko Brooklands, mahali ilipoundwa.

Swali linalowagawa wataalamu ni hili: ndege ya kale irushwe au ikae? Wanaotaka iruke husema kwamba mlio wa injini nao ni kumbukumbu, na mtoto akiusikia hausahau. Lakini ndege inayoruka hubadilishwa vipande kila mwaka kwa ajili ya usalama, mpaka inafika siku sehemu ndogo tu ni ile iliyokwenda vitani. Isitoshe, ajali haina simile. Novemba 2022 ndege mbili za Vita vya Pili, B-17 na P-63, ziligongana kwenye maonyesho huko Dallas, Marekani, na watu sita wakafa. Ndege za Lancaster ziliundwa 7,377. Zinazoruka hadi leo ni mbili tu, moja Uingereza na moja Kanada. Msimamo wangu ni kwamba pale zilipobaki nyingi, baadhi ziruke. Ya mwisho ya aina yake ikae chini.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Saa na vipimo vya ndege za wakati ule vilipakwa rangi yenye radiamu ili visomeke gizani, na mnururisho wake bado upo. Anayenunua kipimo cha zamani sokoni na kukifungua mezani kwake anahatarisha mapafu yake.

Haya yanatuhusu moja kwa moja. Katika Vita vya Pili, ndege za Catalina, zenye kutua majini, zilifanya doria za kusaka nyambizi katika Bahari ya Hindi zikitokea Kipevu, Mombasa, na Dar es Salaam. Mzamiaji au mvuvi atakayeona bamba la alumini chini ya maji asilivute. Apige picha, aandike mahali, atoe taarifa. Huenda pakawa na mabomu, na huenda pakawa ni kaburi.

MAJINA

Runnymede, karibu na London, pana jengo la kumbukumbu lililofunguliwa 1953 lenye majina zaidi ya 20,000 ya wanajeshi wa anga wasio na kaburi linalojulikana. Kila mmoja ameandikwa kwa jina lake, awe kamanda au mpiga bunduki wa miaka kumi na tisa.

Afrika Mashariki haikupewa heshima hiyo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba baada ya Vita vya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika, wakiwemo wapagazi wa vita vya Afrika Mashariki. Sanamu za askari za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zinawakumbuka kwa jumla, bila kumtaja hata mmoja. Injini, petroli na mabomu ya ndege za wakati ule havikufika porini peke yake. Pale reli ilipokoma, mizigo ya jeshi ilisonga mbele kwa mabega ya wapagazi hao.

Majina yana upande mwingine, wa waliokuwa chini. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, kuanzia 1953, ndege za Lincoln zilizotokea Eastleigh na za Harvard zilizotumia kiwanja cha Mweiga, karibu na Nyeri, zilidondosha mabomu kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa 1958 na kuwa mwanzo wa uwanja wa Jomo Kenyatta, ulijengwa kwa jasho la wafungwa na mahabusu wa miaka hiyo. Lincoln moja imetunzwa vizuri Cosford. Ndege ya aina hiyo ikielezwa kwa ukubwa wa mabawa na nguvu za injini tu, bila msitu ilioushambulia, mgeni ameonyeshwa nusu ya kitu. Makumbusho ya ndege yasigeuke duka la mashine nzuri.

TUANZE WAPI?

Sheria inatupa msaada, lakini si wa moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 hulinda majengo ya kabla ya 1863. Kilichojengwa baadaye lazima kitangazwe rasmi ndipo kilindwe. Viwanja vya ndege vyote viko upande huo wa pili, na visipotangazwa havina mlinzi. Kwa vilivyozama, mkataba wa UNESCO wa 2001 huhesabu urithi wa chini ya maji kuanzia miaka 100. Mabaki ya 1915 yameshavuka umri huo, ya Catalina bado.

Wala hatuhitaji kuanza kwa kununua ndege. Hatua ya kwanza ni orodha ya viwanja vya vita vyote, wilaya kwa wilaya, kila kimoja na mahali pake kwenye ramani, hali yake na mwenye ardhi. Kazi hii inawezekana kwa simu yenye kamera, ramani ya zamani na kibali cha serikali ya kijiji. Penye kambi ya jeshi, kibali cha jeshi kwanza, na penye chuma kinachofanana na bomu, polisi kabla ya jembe.

Hatua ya pili ni kuwarekodi wazee. Waliokuwa watoto wakati wa Catalina wamebaki wachache, na waliojenga Embakasi wanapungua kila mwaka. Hatua ya tatu ni kibao chenye maandishi ya Kiswahili sanifu kinachotaja nani aliruka, nani alifyeka na nani alipigwa. Makumbusho yenye ndege yatakuja baadaye, fedha zikipatikana.

Kama nyumbani kwenu kuna picha ya babu akiwa kando ya ndege, barua ya jeshi, cheti cha kazi au jina la mjomba aliyeondoka na wapagazi asirudi, kiandike leo: jina kamili, kijiji, mwaka, na nani amekusimulia. Peleka nakala kwenye makumbusho au nyaraka za taifa, na asili ubaki nayo.