Tuwaeleze watoto jinsi tetemeko linavyopimwa

Kila redio itangazapo tetemeko la ardhi, watoto huuliza: ni nani aliyelipima, na kwa mizani gani? Kuwajibu kwamba hayo ni mambo ya wataalamu hakutufai, hasa sisi tuishio kandokando ya Bonde la Ufa, ambako ardhi ya Subukia ilipasuka Januari 6, 1928.

Mtoto na afunge jiwe kwa uzi, aushike, kisha asogeze mkono ghafla. Mkono utakwenda, jiwe litachelewa kuufuata. Siri ya sismografu ndiyo hiyo: ardhi hucheza, uzito ndani ya chombo husitasita, na tofauti yao huchorwa, zamani karatasini, siku hizi katika kompyuta. Mawimbi ya kwanza huja kwa kasi, ya pili hujikokota. Muda ulio baina yao huonyesha umbali, na vituo vitatu hubainisha mahali.

Tarakimu, lakini, huwapotosha hata wazee. Katika kipimo alichobuni Charles Richter mwaka wa 1935, na katika vile vilivyokirithi, kila hatua moja huongeza mtikisiko mara 10 na nishati takriban mara 32. Zilzala ya Subukia ilikadiriwa kuwa 6.9, adhaniaye kwamba iliipita ya 5.9 kidogo tu, bado hajaambiwa habari yake.