Kilo Sawa, Miaka Mbalimbali

Mizani ikilingana, pambano ni halali.
Si kweli, na hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote. Kijana wa miaka 14 kutoka Ngarenaro na wa miaka 18 kutoka Tengeru wanaweza kupanda mizani wote wakawa na kilo 54. Mmoja mifupa yake bado inakua. Mwenzake ana mkono wa mtu mzima. Ndiyo maana ngumi za ridhaa hutenga kwanza umri, kilo baadaye: miaka 13–14, 15–16, 17–18, kisha wakubwa wa 19 hadi 40. Kinachotazamwa ni mwaka wa kuzaliwa, basi wa Januari 2010 na wa Desemba 2010 ni kundi moja.

Umri tunaujua wenyewe, cheti cha nini?
Si kweli. Huku chini ya Mlima Meru rika ni jambo la heshima, nami naliheshimu. Lakini rika moja la Waarusha hubeba vijana waliopishana miaka mingi. Linakuonyesha wenzako ni nani. Halimwambii mwamuzi ulizaliwa lini. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili, kinamwambia. Mzazi anayekifuatilia mapema anamkinga mwanawe kuliko glovu yoyote ile.

Ngumi za wanawake ni nyepesi.
Si kweli tena. Walipoingia Olimpiki mara ya kwanza, London 2012, walipewa madaraja 3 tu ya uzito, na raundi 4 za dakika 2. Sasa wanapigana raundi 3 za dakika 3 kama wanaume, na Paris 2024 walikuwa na madaraja 6 dhidi ya 7 ya wanaume. Jirani yetu Christine Ongare wa Kenya alileta shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast 2018.

Msichana aliyeiva apangiwe mvulana.
Si kweli. Mashindanoni hawapangwi pamoja, kilo zilingane zisilingane.

Mtoto hapigani muda wa mkubwa.
Kweli. Wa miaka 13–14 raundi yake ni dakika moja na nusu, wa 15–16 ni dakika 2. Ukimwona mtoto wa miaka 13 anasukumwa hadi dakika 3, inuka kwenye kiti chako ukamuulize kocha, pambano likiwa bado linaendelea.