Karani wa Kilburn na waliomfundisha adabu

Na Mwandishi Wetu, London

Jumapili jioni, wabeba boksi wakishatoka zamu, huwa tunakutana kwenye mkahawa mmoja wa Msomali hapa Kilburn High Road. Chai ya maziwa ipo, sambusa zipo, na maneno ndiyo usiseme. Kuna Waunguja, Wapemba, watu wa Mombasa, wa Dar, wa Nairobi, na siku nyingine huja Mkongo mmoja wa Bukavu ambaye Kiswahili chake hutuchekesha kisha akatushinda kwa hoja. Serikali zote za Afrika Mashariki zimeshaangushwa pale, mara nyingi kabla chai haijapoa.

Jumapili moja mwishoni mwa mwaka 2025 serikali zilipumzika. Mjadala ulimhusu karani.

Karani ndilo jina tulilompa ChatGPT, ile programu inayojibu maswali na kuandika barua kama mtu. Huko nyumbani wataalamu wa lugha wanavutana: wengine wanasema akili bandia, wengine akili mnemba, wengine akili unde. Sisi hatukungoja wamalize. Karibu kila anayekaa pale anaye karani kwenye simu yake, na kazi kubwa anayompa ni barua za Kiingereza: ya halmashauri, ya mwenye nyumba, ya shule ya mtoto, ya mwajiri.

Aliyeanzisha mazungumzo ni dada mmoja wa Mombasa ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Anawaogesha, anawavisha, anawapa dawa, anaondoka. Siku hiyo alikuja na hesabu kwenye karatasi. Alikuwa amewatembelea wazee 11, nusu saa kila mmoja, na malipo yake ni pauni 12.60 kwa saa. Saa 5 na nusu, jumla pauni 69.30. Lakini baina ya nyumba na nyumba alipanda basi au alitembea kwa miguu, kama robo saa kila safari, safari 10. Hizo ni saa 2 na nusu ambazo hakulipwa hata senti. Ukigawa pauni 69.30 kwa saa 8 alizofanya kazi kweli, unapata pauni 8.66. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, kuanzia Aprili 2025, kilikuwa pauni 12.21.

Ujanja wote umo humo. Ukisoma mkataba, mwajiri anaonekana mkarimu, amepita kima cha chini. Sheria ya hapa, hata hivyo, inahesabu safari ya kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine kuwa ni kazi. Dada huyo hakuwa analijua hilo. Aliyemwambia ni karani, saa 5 usiku, akiwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Karani akamwandikia na barua ya madai, Kiingereza kimenyooka, heshima tele, na vifungu vya sheria.

"Wallahi wakili asingeniandikia vile," alisema.

Mzee wetu wa Unguja, aliyestaafu zamani na ambaye hakosi Jumapili, alitikisa kichwa. Alituuliza kama tumesahau yaliyowakuta mawakili wenyewe. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwezi Juni 2025 Mahakama Kuu ya hapa London iliwaonya mawakili wote baada ya kesi mbili kufichua maajabu. Katika moja, iliyoihusu halmashauri ya Haringey na mtu asiye na makazi, wakili alitaja hukumu 5 ambazo hazijawahi kutolewa na jaji yeyote. Katika ya pili, dhidi ya benki moja ya Qatar, hukumu 18 kati ya 45 zilizotajwa hazikuwepo duniani. Karani, akikosa jibu, hutunga, na hutunga kwa sauti ileile ya upole.

"Lakini mwanangu," mzee alimgeukia dada, "hayo si makubwa. Ulimwambia kwamba viza yako iko mkononi mwa huyohuyo unayemdai?"

Meza ilikaa kimya. Hakumwambia. Na karani hakuuliza.

Tuwaeleze wasomaji walioko nyumbani. Watu wengi wa kazi hii waliingia Uingereza kwa viza iliyofungwa kwa mwajiri mmoja. Mwajiri akikuacha, Wizara ya Mambo ya Ndani inaweza kukupunguzia muda hadi siku 60 utafute mwingine mwenye leseni, la sivyo ufunge mizigo. Aidha, mlango wa kuajiri wapya wa kazi hiyo kutoka ng'ambo ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Kwa hiyo barua ile nzuri, kwa mtu wa pasipoti ya Uingereza ni barua tu. Kwa dada yetu inaweza kuwa tiketi ya kurudi Moi International. Alipolifahamu hilo alikaa nayo wiki mbili kwenye simu bila kuituma.

Mzee alikumbusha waandishi wa barua wa zamani, wale waliokaa na mashine zao za taipu karibu na posta na mahakama. Ulimpa shilingi zako, ukamweleza shida, naye kabla hajagusa mashine alikuuliza: huyu unayemwandikia ni nani kwako? Ana nini chako? Mwandishi wa barua alikuwa anajua siri za mtaa mzima, na hilo nalo lilikuwa na ubaya wake, maana wengine walikuwa na midomo. Lakini alikuwa anakuona usoni.

Ni kweli. Tukaongeza sisi kwamba kuna siasa hapa ambayo watu wanaisahau. Kilburn haikumkimbilia karani kwa kupenda mambo mapya. Hadi Machi 2013 mtu wa kipato cha chini Uingereza aliweza kupata msaada wa wakili kwa gharama za serikali katika mambo mengi ya kazi, ya posho na ya uhamiaji. Tarehe 1 Aprili 2013 sehemu kubwa ya msaada huo ikakatwa kwa sheria. Kabla ya hapo, mwaka 2011, halmashauri ya Brent ilikuwa imeshafunga maktaba 6 kati ya 12, na maktabani ndiko wengi tulikokuwa tukipata kompyuta na mtu wa kutusomea fomu. Ukimwondolea mtu wakili, ukamwondolea na maktaba, usimshangae akizungumza na simu.

Hata simu yenyewe ni msimamizi. Dada huyo akifika kwa mgonjwa anabonyeza programu ya kazini, akitoka anabonyeza tena. Kampuni inaijua dakika aliyoingia na dakika aliyotoka. Njiani haimjui. Aliwahi kumweleza hayo mzee mmoja wa Kiayalandi anayemwogesha asubuhi, naye akacheka hadi akakohoa. Mzee huyo aliijenga London kwa koleo. Barabara hii yetu, inayofuata njia ya kale ya Warumi, upande mmoja Brent na upande wa pili Camden, baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa ya Waayalandi. Alfajiri wanaume walisimama kando ya njia, Cricklewood na Camden Town, wakingoja malori ya wakandarasi. Msimamizi anakutazama mabega, anakunyooshea kidole, unapanda. Jioni unalipwa taslimu, mara nyingine ndani ya baa, na karatasi hakuna. Wapo waliozeeka wakagundua kwamba hakuna mwajiri aliyewahi kuwalipia hata juma moja la pensheni. Leo dada zetu ndio wanaowafunga vifungo vya shati.

Tulidhani mjadala umekwisha. Hapo ndipo akazungumza kijana mmoja wa Nairobi ambaye amefika karibuni na ambaye kwa kawaida hunywa chai yake na kuondoka.

"Huyo karani wenu," alisema, "waliomfundisha adabu ni wenzangu wa ofisi."

Tukamtaka aeleze. Yeye mwenyewe alikuwa akiangalia picha na video za Facebook kwa niaba ya kampuni ya Sama, kuamua ipi iondolewe. Hakutaka kutueleza alichokiona. Alisema tu kwamba mpaka leo hawezi kukaa chumba chenye mlango uliofungwa.

Habari yenyewe imeandikwa sana, ingawa pale mezani wengi hawakuwa wakiijua. Mwishoni mwa mwaka 2021 kampuni ya OpenAI ya Marekani, yenye ChatGPT, iliingia mikataba na Sama ya kiasi cha dola 200,000. Kazi ilikuwa kusoma maandishi machafu kutoka mtandaoni, ya watoto kudhulumiwa, ya mauaji, ya mateso, na kuyawekea alama ili mashine ijifunze kuyatambua na kuyakwepa. Kwa mujibu wa jarida la Time la Januari 2023, mkataba ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi wa Nairobi aliyesoma hayo maandishi alibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2. Sama ilijibu kwamba dola 12.50 zilikuwa za gharama zote, pamoja na mishahara ya wasimamizi, na Februari 2022 iliiacha kazi hiyo kabla ya wakati. Karani akatoka hadharani tarehe 30 Novemba 2022, msafi, mpole, hatukani mtu.

Wale wa Facebook nao hawakukaa kimya. Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliyefukuzwa mwaka 2019 baada ya kuwaongoza wenzake kudai haki, alifungua kesi Nairobi Mei 2022. Machi 2023 wakafuata wengine zaidi ya 180. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushitakiwa Kenya, na Desemba mwaka huo ikajulikana kwamba daktari wa Hospitali ya Kenyatta aliwapima zaidi ya 140 miongoni mwao na kuwakuta na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe.

Bwana mmoja wa Dar, hodari wa biashara, alisema kazi ni kazi, na dola 2 kwa saa Nairobi si haba, wapo wasomi wanaozitafuta wasizipate. Alimtaja hata Rais Ruto, ambaye Desemba 2024 alisema hadharani kuwa sheria inabadilishwa ili makampuni ya kazi hizi yasipelekwe tena mahakamani, kwani yanaleta ajira. Hoja hiyo ina wenyewe, tena wengi. Sisi hatukukubaliana nayo na tulimwambia. Kijana akiwa na njaa, hiyo ni sababu ya serikali kumlinda zaidi. Haiwi ruhusa ya kumwondolea mahakama.

Dada wa Mombasa hakuingia kwenye ubishi. Alikuwa anaiangalia simu yake kama kitu alichookota.

"Sasa niifute?" alimuuliza kijana.

Kijana alisema hapana. Yeye mwenyewe hajawahi kumfungua karani na hadhani atamfungua, lakini kazi imeshafanywa, na kama inaweza kumpatia mtu pesa zake za safari, angalau hiyo. Kisha akaiomba simu, akaisoma barua yote, polepole, huku akiuliza. Mkataba uliandikwa lini? Viza inaisha mwezi gani? Kuna wenzako wangapi kwenye zamu zilezile? Akakuta kifungu kimoja cha sheria ambacho hakuweza kukipata popote, akakitoa. Akamwambia aweke picha za ile programu ya kazini, kwa kuwa saa zote za kutoka na kuingia zimo humo, na asipeleke peke yake.

Barua ilikwenda Jumatano, ikiwa na majina 4. Hadi tunaandika makala haya kampuni imewalipa miezi 2 kati ya 9 wanayodai, na haijasema lolote kuhusu viza.

Usiku ule tulitoka saa 4. Kijana alikwenda kituo cha basi namba 98, dada akangoja 32. Simu yake ilikuwa imeshalia: mgonjwa wa kwanza saa 12 na robo asubuhi, Willesden.